Kununua nyumba mtaa wa wastaafu Marekani: soma makaratasi kwanza, jiko utaliona baadaye

Siku hizi kila nikikaa msibani au harusini lazima kuna mtu wa rika langu ananivuta pembeni ananionesha simu, ona dada, nyumba hii Florida, vyumba viwili, swimingi puli ya pamoja, geti, uwanja wa gofu, na bei wala haitishi, mbona hatukuambiwa mapema? Kabla hajamaliza kupitisha picha mi namuuliza, kwako saa hizi wanalala watu wangapi? Ananitolea macho. Halafu anaanza kuhesabu vidole: yeye na mzee, kijana wa mwisho aliyerudi baada ya chuo, mjukuu kila ijumaa mpaka jumapili jioni, na mama mkwe anayekuja kutoka Tanga anakaa miezi mitano na nusu. Basi hapo ndo pa kuanzia, manake ukinunua kwenye mitaa hii hununui nyumba peke yake, unanunua na masharti ya nani anaruhusiwa kulala ndani yake, na ada utakayolipa kila mwezi hata ukimaliza mkopo. Marumaru za jikoni hazikimbii, utaziona tu.

Mi nimenunua Arizona, baada ya kuponea chupuchupu Florida, na kabla ya hapo nimeuguza wazee miaka mingi majumbani mwao, yaani nyumba hizi niliingia kama mfanyakazi wa zamu ya usiku kabla sijaingia kama mwenye ufunguo. Ntakachoandika hapa ni cha Marekani tu, kwingine sheria zingine.

Kwanza tutofautishe vitu manake wengi wanachanganya. Mtaa wa miaka 55 na kuendelea ni mtaa wa kawaida wenye nyumba za kuuzwa, we unanunua, unaishi mwenyewe, unapika mwenyewe, hakuna nesi wala mtu wa kukuletea dawa. Ukianguka bafuni saa nane usiku unapiga 911 kama mtu mwingine yeyote. Kuna aina ya pili ambapo unatoa fedha nyingi za kuingilia halafu ada ya mwezi, na wao wanakuahidi ukichoka watakuhamishia sehemu ya uangalizi humohumo, hiyo mara nyingi hununui nyumba, unanunua mkataba, na mkataba ule upeleke kwa mwanasheria usijidanganye kuusoma mwenyewe. Na nasingi home, yaani nyumba ya kuuguzia wazee, ni kitu kingine kabisa. Mi naongelea aina ya kwanza.

Mitaa hii ina historia. Youngtown, Arizona ilianza 1954, halafu jirani yake Sun City ya mjenzi Del Webb ikafunguliwa tarehe 1 Januari 1960 ikiwa na nyumba 5 tu za mfano, uwanja wa gofu na maduka, na wikiendi ile ya kwanza wakaja watu kama 100,000 kuangalia, magari foleni jangwani. Wazo lenyewe ndo lilikua jipya, kumwambia mzee hujamaliza maisha, njoo ucheze. Leo The Villages kule Florida, ambayo ilianza kama kiwanja cha nyumba za kuhamishika, sensa ya 2020 ilikuta watu zaidi ya 79,000, na watu wanaenda sokoni na vigari vya gofu. Kwaiyo sio kijumba cha kanisa hiki, ni biashara kubwa, na mwenye biashara kubwa ana wanasheria wa kutosha.

Nani atalala humo

Sheria ya nyumba ya Marekani ya 1968 inakataza ubaguzi, na 1988 wakaongeza kwamba huwezi kumkatalia mtu nyumba kwa sababu ana watoto. Wazee wakapewa mwanya, na 1995 mwanya ukanyooshwa: mtaa unaruhusiwa kukataa watoto ikiwa angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina angalau mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi, na mtaa wenyewe uwe unatangaza nia hiyo na kuhakiki umri wa wakazi, ndo maana kila baada ya miaka miwili hivi utaletewa fomu na kuombwa kitambulisho, usikasirike. Ipo na aina kali, ya 62, ambayo kila anayeishi humo lazima awe na 62, kila mtu, hakuna cha mke wangu bado kijana.

Sasa watu wanasikia 80 wanafikiri asilimia 20 iliyobaki ni nafasi ya wajukuu. Hapana. Hiyo 20 ni ya mtaa, sio yako. Mitaa mingi inaitunza kwa ajili ya wajane waliofiwa na waume wakiwa chini ya umri na kwa warithi, na ina haki ya kuwa na kanuni kali kuliko sheria yenyewe. Kuna inayosema mtu wa pili ndani ya nyumba asipungue 40 au 45. Kuna inayosema hakuna anayeishi chini ya 19.

Na hapa niseme jambo ambalo sisi kwetu lipo sana na hatupendi kulisema. Mzee ana 63, bibi mdogo ana 41. Kununua mnaweza, yeye mzee anatosha kuwa yule mmoja. Swali ni siku Mungu akimchukua, bibi anabaki? Mitaa mingi inamruhusu mjane abaki, mingine ina masharti, na jibu halitoki kwa yule mdada wa ofisi ya mauzo aliyekupa limonedi, jibu lipo kwenye kitabu cha masharti wanachokiita CC&R, kilichosajiliwa kaunti. Tafuta ukurasa wa umri, soma mstari wa mjane, kama huuoni andika imeili uliza na ujibiwe kwa imeili. Ya mdomoni hayana shahidi.

Wajukuu kuja kutembea wanaruhusiwa, ila kwa siku za kuhesabu. The Villages kwa mfano kanuni yao inayojulikana ni siku 30 kwa mwaka kwa mgeni wa chini ya miaka 19. Siku 30 unaziona nyingi, lakini we chukua kalenda uhesabu likizo ya kiangazi ya mtoto wa Marekani, wiki kumi na kitu, ambayo binti yako kazini hana pa kumuacha mtoto ila kwako. Shoga yangu mmoja alimchukua mjukuu wake juni, mtoto wa miaka 9 mpole hata sauti huisikii, julai mwishoni ikaja barua na picha ndani. Picha ya nini? Baiskeli. Baiskeli ya mtoto imelala mbele ya gereji, tarehe imeandikwa chini, na picha nyingine wiki tatu baadae baiskeli ileile. Jirani ndo alipiga, yule yule anayempelekea maandazi. Na ukiangalia sana jirani hakukosea, yeye alinunua pale kwa sababu ya kanuni ile.

Mama mkwe wa Tanga kwa umri hana tatizo, ila uliza kama mgeni wa zaidi ya siku 30 au 60 anatakiwa kuandikishwa, na kama anapata kadi ya kuingilia bwawani. Kijana aliyerudi nyumbani ndo mtihani. Ana miaka 26, na pale kanuni inaposema 40 au 45 hawezi kuishi, na kama moyo wako hauwezi kumwambia hivyo, usinunue. Sisemi kwa ubaya, kuna wenzetu wengi wameuza kwa hasara baada ya mwaka kwa sababu walidhani mtoto ataingia kimyakimya.

Urithi je? Mtoto wa miaka 30 anaweza kurithi nyumba, ya kwake kabisa kisheria, ila kuishi humo, mitaa mingine mpaka afikishe umri. Atauza au atapangisha kwa mtu wa 55, na kupangisha pia kuna kanuni, wengine hawaruhusu mwaka wa kwanza, wengine hawaruhusu chini ya miezi kadhaa, Airbnb ndo usahau. Huku nyumba imefungwa ada ya mwezi inaendelea kudai. Waambie watoto mapema wajue wanarithi nini.

Haya mengine ya haraka. Kama mzee ni dereva wa troki, kichwa cha troki hakilali pale, hata gari la kazi lenye maandishi ubavuni mitaa mingine inalifukuza. Kama unafanya biashara ya kulea watoto au kutunza wazee nyumbani kwako, hapana. Kuku hapana. Kuchoma mishkaki kwa mkaa kwenye kondo, yaani fleti za kununua za ghorofa, mara nyingi hapana. Na misiba, jamani, sisi msiba mmoja magari 60 mtaa mzima, uliza ukumbi unakodishwaje na maegesho ya wageni yako mangapi. Mi niliuliza nikiwa nacheka, yule mama wa ofisi hakucheka, akanitolea fomu.

Fedha, na hapa ndo tukae

Bei ya nyumba ndo namba ndogo kuliko zote kwenye akili ya mtu aliyekaa mitaa hii miaka kumi. Namba ya kuulizia ni ya kila mwezi, na ya kila mwezi ina vichwa vingi.

Kuna HOA, chama cha wenye nyumba. Ukinunua umejiunga, hakuna kujitoa, na usipolipa wanaweza kuweka deni juu ya nyumba yako na majimbo mengi wanaweza hata kuiuza. Sun City kwenyewe kuna ada ya vituo vya michezo na unaponunua kuna ada ya mara moja ya kuingilia, watu wengi wanaisikia mezani siku ya kusaini. Uliza ada inajumuisha nini. Paa? Rangi ya nje? Maji? Bustani? Mi ada yangu haigusi paa, ya ndugu yangu kwenye kondo inagusa, kwaiyo yake kubwa kuliko yangu lakini akipata tundu anapiga simu tu, mi napiga simu na kutoa pochi.

Halafu akiba ya chama. Barabara, bwawa, ukumbi, uzio, vyote vinazeeka, na chama kinatakiwa kiwe kinaweka fedha pembeni. Kuna ripoti ya akiba inayosema vitu gani vitahitaji kubadilishwa, mwaka gani, na fedha iliyopo ni asilimia ngapi ya inayotakiwa. Ukiona 80, 90, vizuri. Ukiona 20 au 30, jua deni lako linakusubiri getini. Fedha ikipungua wanapitisha spesho asesimenti, yaani mchango wa lazima, kila nyumba elfu kadhaa, na sio harambee kwamba utatoa ulichonacho. Ada ndogo mi siku hizi inanitisha kuliko ada kubwa, manake mara nyingi ni wazee waliokaa kwenye kamati miaka 15 wakikataa kupandisha ili wachaguliwe tena.

Florida hii imekua kali zaidi. Tarehe 24 Juni 2021 ghorofa la kondo Surfside, karibu na Miami, lilianguka usiku watu wamelala, wakafa 98. Baada ya hapo jimbo likaweka sheria kwamba kondo za ghorofa 3 na kuendelea zikifika umri fulani zikaguliwe, na akiba ya vitu vinavyobeba jengo isiwe hiari tena. Jambo jema, lakini maana yake majengo mengi ya zamani yaliyokua yakilipisha ada ndogo yamelazimika kupandisha ghafla na wazee wengi wanauza. Ile kondo ya bei ya kutupa uliyoiona kwenye simu inawezekana mwenyewe anaikimbia bili.

Na hapo niseme ya kwangu. 2019 nilipenda nyumba moja Florida, mtaa siutaji. Jikoni dirisha linatazama ziwa dogo, korongo mweupe kasimama kama kapangwa. Nilishaanza kuona pazia zangu. Dalali wangu, dada wa Kihaiti mwenye akili sana, akaniambia kabla hujatoa ofa omba mihtasari ya vikao vya kamati ya miaka 2. Kurasa zaidi ya mia. Nikazisoma kwenye basi kwenda kazini, mambo ya mbwa, mambo ya mbwa, mtu kapaka mlango rangi isiyoruhusiwa, mbwa tena, halafu kikao cha novemba mstari mmoja tu umejibanza chini: mkandarasi amewasilisha makadirio ya paa la klabu na bomba la maji machafu, suala limeahirishwa mpaka msimu wa wageni upite. Kikao cha machi, limeahirishwa. Nikauliza ofisini, wakanijibu hakuna asesimenti iliyopitishwa. Kweli, haikupitishwa. Nikaondoka, na mwaka uliofuata nikasikia ilipita. Kwaiyo usiulize kama mchango umepitishwa, uliza kama umejadiliwa, na usome mihtasari mwenyewe hata kama ni ya mbwa kurasa 90.

Florida pia kuna kitu CDD, wilaya maalum inayokopa fedha kujenga barabara na mifereji ya mtaa mpya halafu deni linagawanywa kwa nyumba. The Villages ni maarufu kwa hili. Deni linafuata nyumba, halimfuati aliyeuza, na linakuja ndani ya bili ya kodi ya nyumba miaka na miaka. Nyumba mbili zinafanana, bei moja, moja deni limelipwa, nyingine limebaki dola elfu 20 na kitu, hiyo sio bei moja tena. Uliza salio la deni kwa maandishi kabla ya ofa na uliweke kwenye mazungumzo ya bei.

Kodi ya nyumba yenyewe ina mtego mwingine. Mwenye nyumba Florida anayeishi humo thamani yake ya kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, kwaiyo bibi aliyekaa miaka 20 analipa kidogo sana na tangazo linaonesha hiyo ya bibi. Ukinunua tu, mwaka unaofuata thamani inarudi ya soko. Kaunti nyingi zina kikokotoo kwenye tovuti yao, weka bei yako uone, usitumie ya bibi. Texas wao ukifika 65 kodi ya shule inagandishwa kwenye nyumba unayoishi, ukishaomba, usikae ukidhani itakuja yenyewe.

Bima. Pwani ya Florida pata bei ya bima KABLA ya ofa, mi natilia mkazo. Kampuni zinauliza umri wa paa kama daktari anavyouliza presha. Na bima ya nyumba haigusi mafuriko, ile unanunua kivyake. Nyumba za miaka ya 80 mpaka katikati ya 90 muulize mkaguzi kuhusu mabomba ya plastiki ya kijivu, yale polibutilini, yanapasuka bila taarifa na kampuni nyingi za bima zinayakataa.

Na kuna ile nyumba ya dola elfu 60. Nzuri, imepakwa rangi, veranda ina nyavu. Nyumba ya kuhamishika hiyo, na kiwanja sio chako, unakodi. Unalipa kodi ya ardhi kila mwezi na mwenye ardhi anapandisha, na neno kuhamishika ni la jina tu, kuihamisha ni gharama inayoweza kuwa kubwa kuliko thamani yake. Kuna viwanja vya aina hii ambavyo wakazi wamenunua ardhi pamoja na kila mtu ana hisa yake, hivyo ni kheri. California kule Laguna Woods karibu nusu ya nyumba unanunua hisa kwenye ushirika, sio nyumba, na wanataka kuona kipato na mali yako kwanza, na benki za kukopesha hisa hizo ni chache.

Ukimaliza yote chukua karatasi uandike. Mfano tu: ada ya chama 310, kodi ya nyumba 260, bima 240, umeme 220 kiangazi, maji na taka 90. Hiyo ni 1,120 na hujala, hujaweka mkopo, hujatuma nyumbani. Sasa linganisha na hundi yako ya Social Security, ile pensheni ya serikali, halafu fikiria mmoja wenu hayupo. Hapo ndo hesabu za kweli, manake mmoja akifariki anayebaki anapata hundi moja, ile kubwa, sio mbili, na ada ya chama haipungui kwa sababu mmefiwa.

Nenda ukakae

Mitaa mingi ina nyumba za kulala wageni siku chache kwa bei ya kukuvutia, tumia. Lakini nenda msimu mbaya. Arizona nenda julai. Phoenix 2023 ilipiga siku 31 mfululizo nyuzi 43 na kuendelea, usukani wa gari unashika na kitambaa, na mi niliyezaliwa Tanga nikidhani joto nalijua nilitoka nje saa tano asubuhi nikarudi ndani. Sikuacha kununua, ila nilijua AC ya nyumba ni ya mwaka gani kabla ya kujua chumba kina kabati ngapi.

Ukiwa pale usizunguke na kigari cha mauzo tu, watakupeleka bwawani na kwenye wasanii wa vyungu. Kaa kwenye benchi la kufulia au la posta, ongea na watu. Uliza, kitu gani mnagombana kwenye vikao? Watafunguka mpaka uchoke. Angalia kama kuna mtu anafanana na wewe, na akiwa hayupo angalia unavyosalimiwa. Pima mwendo wa hospitali yenye moyo na figo, sio kliniki ya jirani tu, wengi wetu tuna presha na sukari. Pima msikiti au kanisa, nyama ya halali, duka la unga na ndizi mbichi, na uwanja wa ndege, manake sisi Dar au Mombasa tutaenda tu na watoto watatujia tu. Mi msikiti ni dakika 35, nimekubali, ila nilizihesabu kwanza.

Dalali na mkopo

Yule wa ofisi ya mtaa anamfanyia kazi muuzaji, akiwa na tabasamu zuri kiasi gani. Tafuta dalali wako, na kwenye mitaa mipya nenda naye siku ya KWANZA, ukienda peke yako ukajiandikisha wengi baadae hawatamtambua. Toka Agosti 2024 dalali anatakiwa akusainishe makubaliano kabla hajakuonesha nyumba, na humo kuna malipo yake, soma, yanajadiliwa.

Benki haziruhusiwi kukunyima mkopo kwa umri, mtu wa 64 anaweza kupewa wa miaka 30 kipato kikitosha, na Social Security ni kipato. Kwa wanaokwepa riba, zipo kampuni Marekani zinazonunua nyumba pamoja na wewe na unanunua sehemu yao kidogokidogo, ila uliza mapema kama wanagusa kondo na kama ada ya chama imezidi kiwango chao. Rafiki yangu alikwama hapo wiki moja kabla ya kufunga ununuzi.

Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, nayo usiichanganye na nyumba. Inaanza 65, ukiwa na robo mwaka 40 za kazi, kama miaka 10, ile sehemu A, ya hospitali, huilipii, lakini hailipi mtu wa kukuogesha na kukuvalisha kila siku. Kwa nasingi home inalipa kwa muda tu na kwa masharti, mwisho siku 100. Nje ya Marekani karibu haifanyi kazi kabisa, kwaiyo wale wa miezi sita Arizona miezi sita Tanga watafute bima ya huko, na wenye grinikadi wasikae nje muda mrefu kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Nyumba kwenye mtaa wa wastaafu haibadilishi lolote katika hayo. Angalia milango tu, kiti cha magurudumu kitapita? Bafu lina ngazi? Mi kwenye kazi nimebeba wazee kwenye mabafu ya kifahari yasiyo na pa kushika, nikaapa.

Kufunga ununuzi

Ofa yako iandikwe kwamba inategemea ukaguzi, mkopo, na wewe kusoma na kuridhika na makaratasi ya chama. Majimbo mengi yanakupa siku kadhaa za kujitoa baada ya kupewa makaratasi, uliza ngapi kwako na uziandike kwenye kalenda, zinaisha haraka. Mkaguzi mlipe wewe, wa kwako, na uwepo anapokagua umfuate mpaka darini. Chama kitoe barua kwamba muuzaji hadaiwi ada wala faini. Na fedha ya kufunga ukitumiwa imeili yenye namba mpya ya akaunti, usitume, piga simu ofisi ya hati kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, matapeli wanaingia kwenye imeili za watu na wakishapata hela hazirudi.

Asubuhi ya kukabidhiwa, kabla hujasaini, pita tena ndani ya nyumba tupu. Washa AC uisubiri itoe baridi, fungua mabomba yote kwa pamoja, vuta maji vyooni, jaribu rimoti ya gereji na kadi ya geti. Na shika mkononi ile orodha ya vyombo vilivyoandikwa kwenye mkataba kwamba vinabaki, aina na idadi, manake mi niliambiwa kwa mdomo tu kwamba kila kitu kinabaki, nikaingia na samaki wangu wa kukaanga kwenye kisanduku cha barafu nikakuta pale jokofu lilipokua pana vumbi la mraba na waya wa umeme ukutani.